Daktari Crean hakufundishwa ushujaa na raga

Wanaomwandika Thomas Crean, daktari na mchezaji wa raga wa Ireland, hukimbilia maneno yaleyale: raga ndiyo iliyomtia moyo wa simba. Mimi nakataa. Mwaka 1891, akiwa kijana wa miaka 18 ambaye jezi ya Ireland hajaivaa bado, alijitosa baharini karibu na Dublin akamwokoa mwanafunzi aliyekuwa anazama. Moyo alikuwa nao tayari, raga ilimkuta nao.

Alisomea udaktari hapohapo Dublin huku akicheza kama fowadi. Mwaka 1894 alikuwamo katika timu ya Ireland iliyozishinda England, Scotland na Wales msimu mmoja, kwa mara ya kwanza. Mwaka 1896 akaenda Afrika Kusini na timu ambayo leo tunaiita Lions, timu ya pamoja ya raga ya Uingereza na Ireland. Husimuliwa kwamba kabla ya karamu moja ya mchana, siku yenye mechi, aliwaonya wenzake wasizidishe bilauri nne za shampeni. Nne! Ziara ilipokwisha, yeye akabaki Johannesburg akitibu watu.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899 aliingia upande wa Waingereza kama askari wa kawaida. Lakini kilichompa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ni udaktari. Tarehe 18 Desemba 1901, huko Tygerkloof Spruit, Afrika Kusini, aliwahudumia majeruhi mahali pa wazi, adui akifyatua risasi kutoka umbali usiofika mita 150. Risasi ikampata, akaendelea kutibu. Ya pili ndiyo iliyomsimamisha, na ilidhaniwa hataamka. Aliamka, akahudumu tena katika Vita Kuu ya Kwanza, akafariki London mwaka 1923 akiwa na miaka 49.

Sasa kuna wanaotaka nimshangilie pamoja na jeshi lake, na hapo ndipo tunapoachana. Waairishi wenzake chini ya John MacBride walikuwa upande wa Makaburu, wakiiona Uingereza kuwa ndiyo iliyoikalia nchi yao. Na Waafrika weusi, ambao hawakuulizwa chochote, waliswagwa na Waingereza kwenye kambi wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Madaktari wa kupiga magoti wawatibu hawakuonekana kwa wingi huko. Crean nampa heshima zake zote kwa kazi ya mikono yake siku ile ya Desemba. Dola iliyomtuma sina cha kuipa.