Chanjo ya RSV: mtungi haumfikii asiyefika wodini

Mei 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote ziwakinge watoto wachanga na RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa na mapafu, ama kwa kumchanja mama mjamzito kuanzia wiki ya 28, ama kwa kumdunga mtoto kingamwili zilizo tayari. Kwetu Afrika Mashariki jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba hayo ni mafua tu, na fedha zikipatikana zinunue oksijeni kwanza.

Hoja ya oksijeni siibezi. Antibiotiki hazivigusi virusi hivi. Mtoto wa wiki sita ambaye kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zimetanuka, titi ameliachia kwa sababu hawezi kunyonya huku akihema, huyo anaokolewa na oksijeni. Na mtungi huo huo humfaa mwenye nimonia ya bakteria kitanda cha pili.

Lakini kuna hesabu hainitoki kichwani. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 RSV iliua watoto 101,400 wa chini ya miaka mitano duniani, na waliofia hospitalini ni 26,300 tu. Karibu watatu katika kila wanne walifia nje, nyumbani au njiani. Tujaze mitungi kila wodi, hao bado hatujawagusa. Tena kati ya wote hao 101,400, 45,700 hawakuwa wametimiza miezi sita. Kinga ya mtoto wa umri huo inabidi azaliwe nayo, au apewe mara anapozaliwa.

Na mama anayechelewa kumfikisha mtoto wodini, kliniki ya wajawazito mara nyingi alihudhuria. Alichomwa ya pepopunda, kadi ikaandikwa. Hii nayo ni sindano moja tu. Katika majaribio ya kampuni ya Pfizer, inayoitengeneza, ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 81.8 katika siku 90 za mwanzo, na 69.4 hadi miezi sita.

Hofu kwamba waliochanjwa watazaa watoto njiti nayo ni ya kweli. Kampuni nyingine, GSK, ilisitisha majaribio ya chanjo yake mwaka 2022 kwa sababu hiyo. Kwa ile ya Pfizer, njiti walikuwa asilimia 5.7 kwa waliochanjwa na 4.7 kwa wasiochanjwa, tofauti isiyothibitika kitakwimu, na Marekani ikaamua kuanzia wiki ya 32. Mama aambiwe haya waziwazi kabla hajakunja mkono wa gauni.

Kinachonikera ni bei. Kilifi, familia zimekubali kwa miaka mingi watoto wao wapanguswe pua ili watafiti wavielewe virusi hivi. Marekani dozi moja inauzwa zaidi ya dola 200. Kwa bei hiyo, familia hizo hazitaiona.