Kutembea au Baiskeli: Tunapima kwa Saa au kwa Kilomita?

Ubishi huu hauishi vijiweni na kwenye makundi ya mazoezi: anayetaka mwili mwepesi atembee au anyonge baiskeli? Upande mmoja unasema baiskeli inachoma zaidi, maana jasho linatoka mapema. Wa pili unajibu kwamba mwenye baiskeli amebebwa na magurudumu, wakati anayetembea anajibeba mwenyewe. Ukifuata hesabu zao, wote wana haki. Wanapishana kwenye kipimo.

Tumchukue mtu wa kilo 70. Akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa kwenye njia tambarare, mwili wake hutumia karibu kalori 245 katika saa hiyo. Akinyonga baiskeli kwa kilomita 17 au 18 kwa saa, hutumia karibu 475. Kwa saa, baiskeli imeshinda kwa mbali. Gawa kwa umbali sasa: mtembeaji ametumia 49 hivi kwa kila kilomita, mwenye baiskeli 27 tu.

Chanzo ni namna mwili unavyosafiri. Kila hatua huinua uzito wako wote kidogo na kuushusha, na mguu unaotua huvunja kasi ambayo mguu mwingine lazima uirudishe. Juu ya baiskeli uzito hukaa kwenye tandiko, na kwenye mteremko unaacha kabisa kunyonga. Kinachokupinga zaidi ni upepo, na ukali wake hupanda upesi kasi inapoongezeka. Kwa hiyo anayejikokota na anayekazana, hata wakiwa na baiskeli za aina moja, hawafanyi zoezi moja.

Maisha ya kila siku ndiyo yanayoamua kipimo kipi kitumike. Kama kazini ni kilomita 6, umbali haubadiliki. Kwa miguu ni saa moja na dakika 12, kalori 290 hivi. Kwa baiskeli ni dakika 20 hivi, kalori 160. Mtembeaji anaonekana kapata karibu mara mbili, ila ndani ya hesabu yake kuna kalori ambazo angezitumia hata akiwa amekaa kitini. Ukiziondoa kwa wote wawili, inabaki 210 kwa 140 hivi. Halafu jiulize, nani atatembea karibu saa mbili na nusu kwenda na kurudi, kila siku ya kazi? Baiskeli ni dakika 40 kwa siku, dakika 200 kwa siku tano, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zoezi linaloingia kwenye ratiba ndilo linalofanyika.

Anayehesabu kalori ili atoe kitambi anahitaji kuwajua Wahadzabe, jamii ya kaskazini mwa Tanzania inayoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vyao: wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, lakini nishati waliyotumia kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa miili, haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anaona kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Mimi naliona hili ni jambo la kutia moyo: kitambi kishughulikiwe kwanza kwenye sahani, na mazoezi yaachiwe moyo, sukari, presha na usingizi, ambako faida yake haina ubishi.

Mwenye goti linalouma au uzito mkubwa atapumua kwenye baiskeli, kwa kuwa viungo havipigwi na kila hatua. Lakini mfupa hupata nguvu kwa kubeba mzigo, na tandiko humnyima mwendeshaji mzigo huo. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake hudhoofika upesi, asiache kutembea hata kama anapenda baiskeli. Barabara nayo ina neno lake. Pale ambapo malori na bodaboda zinagombea ukingo wa lami na njia ya baiskeli haipo, siwezi kumshauri mtu apande kwa ajili ya kalori.

Kwa safari ya hadi kilomita 2 au 3, tembea, tena kwa haraka. Zaidi ya hapo, kama njia ni salama, chukua baiskeli. Na mwenye nusu saa tu jioni achague baiskeli, mradi anyonge mpaka aongee kwa kukatakata maneno.