Gari Halikukojoa

Kwanza kabisa, gari halikukojoa.

Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu mmeshaisikia ile voisi ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu tangu Jumapili usiku. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, tena nilimwalika mwenyewe, kala pilau sahani mbili, kafungiwa na ya kwenda nayo, halafu kafika kwake kaniuza. Leo asubuhi nimesimama Kabwe nasubiri daladala, konda nisiyemjua hata kwa sura kaniuliza, "Kaka, lile gari umeshalinunulia pampasi?" Basi nikaona niandike. Kidonda bado kibichi, kwa hiyo mkiona nimeruka mahali, nimeruka kwa makusudi.

Mnaonifuata muda mrefu mnalijua gari lenyewe. Lile monsta traki la rimoti, la kipimo cha moja kwa kumi, matairi manene kama maandazi ya msibani, ambalo nyumbani linaitwa "la Junior". Junior ana miaka mitatu na analiogopa. Tuyaache hayo.

Shokapu zake za asili zilikufa mwezi wa tano na muuaji ni mimi. Nililirusha kutoka kwenye ukuta wa karo. Mara ya kwanza likatua vizuri, nikashangiliwa na watoto wa mtaa. Ya pili nayo vizuri. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote ya kuirusha. Rodi mbili, vile vyuma vyembamba vinavyoingia na kutoka kwenye silinda ya shokapu, zikapinda kama ndoana, shokapu nyingine ikaanza kuvuja, na kuanzia siku hiyo gari likawa linachechemea kama mzee aliyekanyaga msumari.

Nikaingia mtandaoni kutafuta za kubadilisha. Zile zenye jina, seti ya nne, bei yake unaweza kulipia ada ya chekechea ukabakiwa na nauli. Mimi nina mke, nina mkopo wa kikoba, na nina mwenye nyumba anayepita kila tarehe moja kuangalia kama ukuta wake bado upo. Nikarudi chini kabisa, kule kwenye bei ambazo ukiziona unajiuliza wanaouza wanakula nini.

Wanaozijua hizi kazi hapa wataanza kucheka. Shokapu ya gari la rimoti hupimwa ikiwa imenyooka yote, kutoka katikati ya tundu la juu la bolti mpaka katikati ya tundu la chini. Hivyo tu, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Mimi nikachukua futi kamba ya mke wangu ya ushonaji, nikapima lile silinda peke yake, rodi nikaiona kama nyongeza, nikapata milimita 70, nikaagiza milimita 70. Zikakaa wiki tatu njiani mpaka Kariakoo, zikapanda basi mpaka Mbeya, nikazifunga usiku kwa tochi ya simu, nikaliweka gari sakafuni. Likakaa. Nikisema likakaa nina maana likakaa kitako, kama kuku anayelalia mayai, tumbo chini, matairi yametanuka huku na huku. Ndiyo siku pekee ambayo Junior hakuliogopa. Alilihurumia.

Seti ya pili nikawa mtu mzima. Tundu kwa tundu, milimita 100, za alumini, rangi ya bluu ya kung'aa, elfu 28 zote nne. Zilipofika, mwili ulikuwa alumini kweli, ila kifuniko cha juu, kile kinachofungwa kwa kuzungusha, kilikuwa plastiki. Nilikiona. Sitadanganya kwamba sikukiona. Nikajisemea, kwani kifuniko kazi yake nini? Kufunika. Naomba mkikumbuke hicho kifuniko.

Jambo la pili, zilikuja kavu. Nazibonyeza, zinapanda na kushuka kama peni ya kubonyeza, tik tik. Springi inabeba gari, lakini mafuta ya ndani ndiyo yanayoituliza isirukeruke. Yanapenya kwenye vitundu vidogo vya pistoni, taratibu, na gari linatua kama limefundwa. Mafuta yenyewe ni ya silikoni, yanauzwa kwa namba, namba 30 mepesi kuliko namba 60, na wengi wenye magari ya ukubwa huu hucheza hapo katikati. Nikaulizia kichupa. Pamoja na kusafirisha, kinataka kulingana na shokapu zenyewe.

Nikasema huu ni wizi. Mafuta ni mafuta.

Nilipita kwa fundi pikipiki mmoja pale Sido nikamuuliza nitie nini. Akaniambia, "Mdogo wangu, chochote utakachotia, usitie mafuta ya breki, yatakuharibia raba." Nikamshukuru sana. Kuhusu mawese hakusema neno.

Sasa mnisikilize. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kyela. Wiki iliyopita alikuja kwetu Uyole kwa ajili ya ubatizo wa mdogo wake Junior, na mama wa Kyela haji mikono mitupu: alishuka kwenye Coaster na mchele, ndizi, na dumu la lita tano la mawese ya kwake mwenyewe, mekundu, mazito, yananukia mpaka kwa jirani. Nikachota kidogo kwenye kijiko nikayainamisha. Yakateremka taratibu, kwa heshima. Nikasema, namba 30 hii hapa, bure.

Alhamisi mchana, jua kali, nikajaza shokapu zote nne kwa bomba la sindano. Mpaka juu. Pale wataalamu huwa wanabakiza nafasi kidogo, maana rodi ikiingia ndani nayo inahitaji mahali pa kukaa, mimi sikubakiza, nikaona nikijaza sana yatadumu. Gari likanesa polepole kama gari la mkurugenzi. Video mliiona kwenye status, mkaweka na makopakopa. Wanafiki.

Ijumaa asubuhi nikalitoa nje. Mnaoijua Uyole mwezi wa saba mnajua ninachosema: unafungua mlango, pumzi inatoka kama moshi wa bajaji mbovu. Nikabonyeza gari. Halibonyei. Nikabonyeza kwa mikono miwili. Ubao. Mawese yalikuwa yameganda ndani ya shokapu zote nne kama mshumaa. Nikafungua vifuniko, nikakuta yamenywea katikati, kuna kibonde. Kibonde! Mimi nikaona yamepungua. Nikaongeza.

Mke wangu akaniuliza mbona dumu limeshuka. Shokapu nne hazimalizi hata nusu kikombe cha chai, ila nilikuwa nimemwaga mara tatu. Nikamjibu, "Mawese yakipata baridi hupungua." Ambayo si uongo, kama alikuwepo darasani.

Nikampigia rafiki yangu, huyuhuyu wa voisi. Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu. Yeye ndiye aliyesema, "Siku ya shughuli liweke karibu na jiko dakika kumi, litalainika." Hilo kwenye voisi hakulisema, siyo?

Jumapili. Tumetoka kanisani, turubai limefungwa uani, kapeti jekundu la kukodi, DJ, MC, watu kama themanini. Mpango ulikuwa wangu na nilijivunia: bahasha ya shukrani kwa mama mkwe isipelekwe na mtu, ipelekwe na gari. Kwa dakika kumi gari lilikaa nyuma ya jikoni pembeni ya jiko la pilau. Nikalibonyeza, laini kama sifongo. Vifuniko vilikuwa na unyevunyevu mwekundu pembeni. Nikafuta kwa leso, maisha yakaendelea.

MC akasema, "Sasa tunaomba utulivu, mkwe ana jambo lake."

Gari likatoka nyuma ya maspika. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nimesimama na rimoti, shati jeupe, tumbo ndani. Linakuja kwenye kapeti polepole, bahasha imefungwa juu kwa utepe, linanesa, linapendeza, akina mama wanarekodi. Mama mkwe yuko meza kuu katikati. Gauni jeupe. Kilemba cheupe. Hata viatu, nimekuja kuvikumbuka baadaye, vyeupe.

Meza kuu ilikuwa imeinuliwa kwa mbao, kimo cha tofali lililolazwa. Gari lenye shokapu nzima linapanda hapo linaimba. Nikasukuma moto kidogo.

Tairi la mbele kushoto likagusa ubao. Nikaona shokapu inaanza kuingia. Rodi inapanda, inapanda, halafu ikafika mahali ikagoma, maana ndani pamejaa na hakuna aliyebakiziwa nafasi. Kwa sekunde moja hivi kila kitu kikasimama: gari, rodi, mimi, nadhani na Mungu alitazama. Kisha nikasikia *pwaa*, kama kizibo cha soda iliyotikiswa. Kifuniko cha plastiki, kile nilichowaambia mkikumbuke, kikaruka juu. Nilikifuata kwa macho. Kilipanda mpaka karibu na turubai, kikazunguka, na wakati nakiangalia hicho sikuwa naangalia mawese.

Mawese yalitoka kwa mstari mmoja. Shokapu moja haibebi hata kijiko cha chakula, lakini sikujua kijiko cha mawese ya moto kinaweza kwenda mbali namna ile. Yalianzia bega la kulia la mama mkwe yakashuka kimshazari mpaka kiunoni kushoto, safi kabisa, kama ule utepe wanaovishwa mamiss. DJ akakata muziki. Sijui kwa nini madijei hukata muziki pale ambapo mtu anauhitaji zaidi.

Mama mkwe hakupiga kelele, na ningeshukuru angepiga. Alishusha kidole taratibu, akagusa, akakipeleka puani. Akanusa. Akaliangalia gari, likiwa linatetemeka pale mbele yake na kudondosha tone, tone, tone kwenye kapeti la watu (na hapo ndipo yule mshenzi alipopata neno "limekojoa", akalisema kwa sauti, watoto wakalidaka wakaanza kuliimba). Akaniangalia mimi. Akaangalia rimoti.

"Baba," akasema, mpole kabisa, MC bado kaelekeza maikrofoni pale, "haya si mawese yangu?"

Kichwa cha mke wangu kikageuka polepole, kama feni ya umeme mdogo. Alipoacha kugeuka alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Watu themanini. Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Hakuna mtu aliyeitikia.

Yeye akainama, akafungua utepe kwa ule mkono msafi, akachukua bahasha yake, akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. MC akajaribu kuokoa jahazi akasema jamani hiyo ndiyo teknolojia, na kwa mara ya kwanza nikaona MC akikosa kuchekewa.

Mengine nayapitisha haraka. Gauni limefuliwa kwa sabuni ya mche, likaanikwa juani, doa likatoka jekundu likabaki njano. Nimenunua kitenge na nimelipa mshonaji. Jumla ni vichupa vitatu vya mafuta ya silikoni, nimepiga hesabu. Kapeti sizungumzii. Mke wangu ananiongelesha kupitia mtoto: "Junior, mwambie baba yako chai iko mezani." Junior kasema analipenda gari sasa. Shokapu nimezifungua, nimezisafisha, kichupa cha namba 30 kiko njiani, na vifuniko vya alumini pia vipo, kumbe vinauzwa peke yake, elfu 9 tu.

Mama mkwe alirudi Kyela Jumatatu kwa amani, au niseme kwa ukimya. Leo saa kumi nimepigiwa simu na mtu wa Coaster kwamba kuna mzigo wangu Uyole. Nimeenda. Ni dumu lingine la lita tano, limefungwa vizuri na nailoni, na ubavuni kaandika kwa maka pen, herufi kubwa, kila moja kama kidole:

YA KUPIKIA.