Tshala Muana ni wetu, hata tukinuna

Nilikuwa mtoto, kwenye harusi moja mtaani Katuba, hapa Lubumbashi, DJ alipopiga wimbo wa Tshala Muana, mwimbaji wetu wa Kongo. Mama mdogo akainuka, akakifungua kitenge chake, akakifunga upya chini ya kiuno, fundo mara mbili, akavua viatu. Kutoka meza ya wazee baba mkubwa akapaza sauti: "Mufunge ile miziki ya Bakasai!", yaani ya watu wa Kasai.

Wakati huo mambo ya 1992 na 1993 yalikuwa bado mabichi. Waluba wa Kasai walifukuzwa hapa kwetu Katanga wakiitwa bilulu, wadudu, wakasongamana kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Ndiyo maana yale maneno ya baba mkubwa hayakumchekesha mtu. Mama mdogo ni Mubemba, hana tone la damu ya Kasai. Aliendelea kucheza.

Tshala Muana alizaliwa hapahapa mwaka 1958, mji ukiitwa bado Elisabethville. Alianza kama mchezaji katika bendi ya mwimbaji M'Pongo Love, akapita Abidjan, akaichukua mutuashi, ngoma ya Waluba, akaipeleka jukwaani na magita ya umeme. Wapo waliosema kile kiuno ni aibu. Mimi nasema alichowapa mama zetu ni ruhusa ya kufurahia miili yao mbele za watu, na sijui mwanasiasa gani wa mji huu amewapa kitu kikubwa kama hicho.

Siasa yake ilinikera, sifichi. Alisimama waziwazi na Joseph Kabila, rais wa zamani ambaye asili yake ni Katanga. Novemba 2020 alipokamatwa Kinshasa kwa sababu ya wimbo "Ingratitude", ambao wengi waliusikia kama kijembe kwa Rais Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, nyumbani kwetu dunia iligeuka. Baba mkubwa akawa mtetezi wake: "Ule ni mwana wa hapa!" Jirani zetu wenye asili ya Kasai, waliomcheza tangu ujana, wakafuta nyimbo zake kwenye simu. Mtu yuleyule, sauti ileile. Kilichobadilika ni hesabu zetu za nani yuko upande wa nani.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Alipofariki Desemba 2022 nilimpigia mama mdogo. Magoti sasa yanamsumbua. Hakuzungumza Kabila wala Tshisekedi. Aliniuliza kama ninakumbuka ile harusi, na kama niliona kwamba baba mkubwa, baada ya kufoka, alikuwa akigonga meza kwa vidole kufuata ngoma.

Niliona.