Aseme lini, na akishasema?

Ujiji mtu haposi kwa macho tu. Mshenga hutumwa, wazee huulizia ukoo, majirani huulizwa tabia. Ndiyo maana habari ya mapenzi ya mtu aliyebadili jinsia ikifika barazani kwetu hukuta hukumu imeshatoka: alificha, kwa hiyo amedanganya. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona inaishia njiani.

Anayeingia kwenye uchumba anaweka mengi: moyo wake, heshima ya kwao, matumaini ya watoto. Kijana anayemchumbia mwanamke aliyezaliwa akahesabiwa mvulana ana haki ya kulijua hilo kabla hajawatuma wazee. Suala la uzazi peke yake linatosha. Kumwacha aje kulisikia kwa mtu baki sokoni Mwanga ni kumuumiza mara mbili, na hapo siwezi kuutetea ukimya.

Lakini huyo tunayemtaka aseme, akishasema anabaki na kinga gani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa tendo inaloliita kinyume cha maumbile. Kwa kuwa Tanzania haijaweka utaratibu wa kubadili jinsia kwenye vyeti, mwanamke huyo kwa makaratasi bado ni mwanaume, na mpenzi wake anaingia naye kwenye hatari ileile. Leo wanapendana. Kesho wakigombana, aliyeambiwa anaweza kudai pesa kila mwezi ili anyamaze, na mwenzake hana kituo cha kwenda kushtaki bila kujishtaki mwenyewe.

Kuna na mali, jambo ambalo sijasikia likizungumzwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawachukulia kuwa wameoana mwanaume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, watu wakawajua kuwa ni mke na mume. Mwanamke anayefukuzwa bila cheti cha ndoa hupata pa kushika hapo. Sasa fikiria wawili kama hawa, kwa makaratasi wote wanaume, wanaonunua dagaa Kibirizi, wanauza Tabora, wanajenga kwa jina la mmoja kwa sababu kitambulisho cha mwingine kinazua maswali. Mwenye jina akifa, ndugu wanafunga nyumba. Aliyejenga naye anakaa msibani kama jirani.

Masheikh na wachungaji wetu wanayakataa mahusiano haya, nami siwabezi. Hata hivyo Iran, inayoadhibu vikali mapenzi ya jinsia moja, inaruhusu upasuaji wa kubadili jinsia kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980, na aliyebadilishiwa hati huweza kufunga ndoa. Kumbe hata wanazuoni hawakusimama mahali pamoja.

Kijana akiambiwa akaona hawezi, aondoke, simlaumu. Ila siri aliyoambiwa hakupewa ili akaimwage kijiweni kwa waendesha bodaboda.