Nyumba huanguka mvua ikishakatika

Nyumba ya jirani yangu haikuanguka usiku wa mvua. Usiku ule tulikesha pamoja, tukatoa magodoro, tukawa tunasikia mto ukinguruma gizani. Ilianguka kesho yake saa nane mchana, jua linawaka, watu wameshaanza kuanika nguo. Choo kilitangulia, jiko likafuata, kisha chumba cha watoto kikapasuka katikati, nusu ikabaki juu na swichi ya taa ukutani.

Wengi walishangaa. Lakini ukingo wa mto ndivyo unavyokufa. Maji yakiwa juu yanauegemea na kuushikilia. Yakishuka ghafla, unabaki peke yake, umelowa hadi ndani, mzito kuliko ulivyokuwa jana. Kwa hiyo anayerudi ndani kwa sababu mvua imekatika anarudi saa mbaya kuliko zote.

Nakaa Kinyerezi, Dar es Salaam, upande wa Mto Msimbazi. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita kwetu, unakwenda Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hadi baharini pale daraja la Selander. Kila masika habari ya mji ni Jangwani: barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, mitambo inazoa tope. Hata Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, ukiutaja mtaani watu wanakujibu Jangwani. Tope lile ni viwanja vyetu vya huku juu. Sehemu yake ni choo cha jirani.

Vijana wanaochimba mchanga mtoni wana hoja yao: "Sisi tunausaidia mto, tusipotoa utajaa." Nimeisikia hata kwa watu wenye shahada. Kule chini, ambako mto umelala na mchanga unatua, kuzoa kuna maana. Huku juu ni kinyume. Ukitoa mchanga sakafuni, mto unazama, na ukingo wa mita mbili unakuwa wa mita nne. Juu yake kuna udongo wa mfinyanzi uliobana, chini mchanga tifutifu. Maji yanakula miguu, kichwa kinaning'inia, siku moja kinakuja chini chote. Na shimo lililochimbwa halikai wazi. Mvua inayofuata inalijaza kwa udongo wa kwetu. Halafu lori linarudi. (Siwalaumu sana wenye machepe. Anayepata faida hashuki mtoni.)

Kinachoniudhi zaidi ni kutibu bila kupima. Tuliwahi kuletewa ukuta wa gabioni, yaani mawe yaliyofungwa kwenye vizimba vya waya, kwenye kona moja. Waliokuja walipiga picha, wakaandika majina, wakaondoka; mawe yakaja baadaye. Kona ile imesimama vizuri hadi leo. Nguvu ya maji ikahamia ng'ambo, sasa anayeliwa ni mzee wa upande wa pili, ambaye ukingo wake haukuwahi kuwa na shida.

Kupima kwenyewe si jambo la kutisha. Funga kamba kutoka mti wa huku hadi nguzo ya kule, ilale sawa kwa pima maji. Kila baada ya mita moja teremsha futi hadi sakafuni, andika. Rudia palepale masika yakiisha, na vuli ikiisha. Ukilaza mchoro mmoja juu ya mwingine unaona tumbo la mto limehamia wapi, mchanga umetua upande gani wa kona, na ni nani wa kuhamishwa kabla hajaanguka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inatuambia tukae mita 60 kutoka mtoni. Sawa, lakini mto unaosogea unakuja na mita zake. Aliyejenga mbali anaamka siku moja yuko ndani ya zuio, na hakuhama yeye.

Mimi nimeanza na nondo. Mwezi wa kumi na moja nilipigilia vipande vitatu vya sentimita 60 kwenye ukingo nyuma ya nyumba, vimelala, ncha tu zikichungulia. Mwezi wa tano nilishuka na futi. Cha kwanza kilikuwa kimetokeza sentimita nane, cha pili thelathini na moja. Cha tatu, kilichokuwa karibu na mwembe, nilikitafuta hadi jioni. Hata mwembe wenyewe sasa umeinama.