Semi halina ulafi kama mnavyosema

Kijiweni kwetu ukitaja semi, lile lori refu la tela, lazima atokee mtu aseme, "Lile linakunywa! Lita moja, kilomita mbili." Kisha anajisifia Toyota IST yake, gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita. Hesabu zake sina ugomvi nazo. Hukumu ndiyo imepinda.

Semi hilo limebeba tani 28. Gawanya: kila tani inasogea kilomita moja kwa mililita 18 hivi za dizeli, kijiko cha mezani na ziada kidogo. IST ya jamaa inachoma mililita 70 kumsogeza kilomita moja mtu mmoja wa kilo 70 anayekwenda kununua vocha. Ukipandisha hadi tani, ni lita nzima. Mlafi nani hapo?

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Florida. NASA, shirika la anga la Marekani, wana mitambo miwili ya minyororo, ya miaka ya 1960, inayobeba roketi ikiwa imesimama wima na kuipeleka mahali pa kurushia. Tangi linameza lita 19,000 hivi. Ukiwa na mzigo, mtambo hutambaa kilomita moja na nusu kwa saa. Bibi yangu angeupita akiwa na ndoo kichwani. Kila kilomita unakula lita 300 hivi, au zaidi. Ukiondoka nao Dar tangi limejaa, Chalinze hufiki. Lakini uliundwa kubeba zaidi ya tani 5,000, kwa hiyo kila tani inapata mililita 60 au 70. Semi linaushinda. IST haiukaribii kabisa.

Migodini walishalielewa hili. Lori kama BelAZ 75710, linalobeba tani 450 na lina matangi mawili ya lita 2,800 kila moja, huwezi kulipima kwa kilomita kama teksi. Wanahesabu lita kwa saa na tani zilizotoka shimoni.

Sisi wa barabarani bado tumeng'ang'ania kilomita. Niliwahi kukaa mwaka mmoja kwenye ofisi ya malori, kazi yangu kupanga mafuta ya safari. Bosi alikuwa na kanuni moja: kilomita gawanya kwa mbili. Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, kilomita 930 hivi, lita 465, basi. Limejaa saruji, lita 465. Linarudi tupu, lita zilezile. Mlima Kitonga haukuwamo kwenye kanuni, wala foleni ya mpakani ambako injini inanguruma na kilomita hazisogei.

Matokeo yake, kwenda dereva anapungukiwa na kukopa njiani, kurudi mafuta yanabaki, na yanayobaki ndiyo yale yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara. Wezi wapo, tusidanganyane. Ila kanuni ile iliwapa na funguo. Na ulafi wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye safari ya kurudi: mamia ya lita kuirudishia Dar hewa. Huo kijiweni hautajwi.

Nilimwambia bosi tupange mafuta kwa uzito. Kila mizani njiani inatoa karatasi, na tani zimeandikwa pale. Akasema karatasi za mizani ni za kuonyesha trafiki. Tulikuwa tunazirundika kwenye boksi chini ya meza yangu, na nilipoondoka lilikuwa limeshajaa.